Hatua Kumi na Moja za Darasa la Tatu

Wasifu ulioandaliwa na familia na kusomwa na mdogo wake marehemu

Dada yetu, mwalimu wa darasa la tatu kwa miaka thelathini na mitano, alizaliwa Jumatatu tarehe 14 Machi 1966, saa mbili kasorobo asubuhi, kwenye korido ya zahanati, hatua chache kabla ya mlango wa chumba cha kujifungulia. Mkunga alikuwa bado anatafuta glavu. Mama yetu, naye sasa marehemu, alikisimulia kisa hiki kila alipotakiwa kueleza kwa nini mtoto wake wa kwanza hasubiri kitu. Walimfuata wadogo watatu, sote kwa utaratibu wa kawaida. Alitembea akiwa na miezi tisa. Kukaa alijifunza baadaye, na somo hilo hakulimaliza.

Elimu ya msingi aliipata kuanzia mwaka 1973 hadi 1979, katika shule iliyokuwa na mbao mbili kwa kila darasa ili mwalimu akijaza moja aendelee na nyingine. Marehemu alipata zawadi ya mwandiko miaka mitatu mfululizo. Alikuwa na uwezo wa kuhamisha mbao zote mbili kwenye daftari kabla wenzake hawajamaliza kuchonga penseli. Baba, aliyekuwa karani na mtu wa maneno machache, siku moja alifungua daftari lake la sayansi akamwuliza hapa wameandika nini. Marehemu akajibu, "Sijui baba, ila nimemaliza wa kwanza." Baba alilirudisha daftari mezani akaendelea kunywa chai. Hatukumbuki akiuliza tena.

Alimaliza sekondari mwaka 1983. Miaka miwili iliyofuata alifanya kazi ya muda ofisini kwa baba, ambako alinakili barua na alisifiwa sana. Mwaka 1986 alijiunga na chuo cha ualimu, na huko ndiko yalikompata yaliyompata. Waliagizwa waandike insha kuhusu kumfundisha mtoto kuchunguza mazingira yake. Marehemu aliandika kurasa tisa zisizo na kosa hata moja. Mkufunzi wake, mzee mmoja mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, alimwita mbele akamwonyesha ukurasa wa nne.

"Hapa umeandika, kama inavyoonekana katika mchoro wa saba. Mwanangu, mchoro wa saba uko wapi?"

Marehemu alizipekua karatasi zake. "Labda umedondoka, mwalimu."

"Na ule wa kwanza hadi wa sita?"

Insha ilirudi na sifuri kubwa, imechorwa kwa uangalifu na kalamu nyekundu, na chini yake mkufunzi ameandika: Mchoro wa kwanza. Marehemu aliiweka karatasi hiyo hadi mwisho wa maisha yake, ikiwa imekunjwa mara nne. Alisema vyeti vingine alivipata kwa kuvisomea, lakini hicho alikifanyia kazi mwenyewe.

Aliajiriwa Januari 1989 katika shule ambayo hakuhama tena. Alipewa darasa la tatu, chumba cha mwisho kabla ya stoo, chenye madirisha manne ambayo matatu hufunguka. Kwa miaka minane alifundisha kama alivyofundishwa. Watu wazima wengi waliopita mikononi mwake kipindi hicho wana mwandiko mzuri, na alipokutana nao barabarani alikuwa akiwaomba radhi, jambo lililowashangaza, kwa kuwa wao walikuwa wamemsimamisha ili wamshukuru.

Tarehe 12 Agosti 1995 alifunga ndoa na mume wake, fundi viatu. Walijuana kibandani kwa fundi, alikopeleka kiatu cha kulia kilichokatika kisigino. Alikisubiri akiwa amesimama kwa mguu mmoja, mkono ameuegemeza ukutani.

"Dada, kaa basi, kiti hicho hapo."

"Nikikaa utachelewesha."

"Nitachelewaje? Kiatu ninacho mimi, wewe unaweza kwenda wapi?"

Shemeji anasema hapo ndipo alipomwona marehemu akikaa kwa hiari yake kwa mara ya kwanza, na kwamba mara ya pili ilikuwa kanisani. Walijaliwa watoto wawili, binti ambaye ni muuguzi na kijana ambaye ni dereva wa malori ya mizigo. Nyumba yao ilikuwa na viti vinne. Cha marehemu bado kina karatasi ya dukani kwenye miguu.

Mwaka 1997 marehemu aliwaambia wanafunzi wake waende kwenye kabati la vitabu, wachague mnyama au mdudu na waandike walichokipata. Mtoto mmoja wa miaka tisa aliandika kwamba amefuga nyuki kwa muda wa miaka ishirini na anawashauri wakulima wenzake wasikate tamaa. Marehemu alilisoma daftari hilo akiwa amesimama mlangoni, akaenda mpaka dirishani, akarudi. Wenzake kwenye chumba cha walimu walicheka sana. Yeye hakucheka. Aliomba ruhusa akaenda nyumbani kabla ya saa, na alipofika alimwomba mume wake boksi tupu la viatu.

Wiki iliyofuata alipanga upya chumba. Vitabu vilikaa kwenye meza iliyo chini ya dirisha. Penseli na vikaratasi, vilivyokatwa ukubwa wa kiganja, vilikaa kwenye meza ya nyuma, karibu na mlango. Kati ya meza hizo mbili kulikuwa na hatua kumi na moja za mtoto wa miaka tisa, na marehemu alizipima kwa kumtembeza mtoto wa miaka tisa. Mwanafunzi alianza na swali lake, akalisema kwa sauti. Kisha alisoma, akafunga kitabu, akakiacha hapo, akatembea hadi nyuma, na huko akaandika kile tu kilichokuwa bado kichwani. Jambo moja, kikaratasi kimoja. Upande wa pili aliandika ametoa wapi, kitabu gani na ukurasa wa ngapi, au kama alimwuliza mtu, mtu gani. Kikaratasi kikaingia boksini.

"Mwalimu, nimesahau," walisema wote siku ya kwanza, arobaini na watatu kwa mpigo.

"Kilichodondoka njiani kiacheni. Rudini mkasome tena."

Mtoto mmoja alirudi mara tano. Mara ya sita aliandika: "Sikumbuki. Kitabu cha Maji, ukurasa wa 12." Marehemu alimpa alama zote. Alisema kwenye elimu yake yote, chuo kikiwemo, hakuwahi kuona mtu akieleza kwa usahihi kiasi hicho alichonacho kichwani na mahali alipokikosa.

Kwenye ratiba kipindi hicho kiliandikwa Maktaba, Alhamisi saa nne asubuhi, kwa sababu lile kabati ndilo lililoitwa maktaba. Kilikuwa na kelele. Watoto arobaini na kitu wakipishana na maneno yao midomoni, huku wakiyarudia ili yasiwatoroke, si jambo la kimya. Mwalimu wa darasa la nne, aliyepakana naye ukuta tangu mwaka 2011, aligonga ukuta huo kwa rula kila Alhamisi, hata watoto wakampa jina la Mwalimu Rula, ambalo tunalitumia hapa kwa idhini yake. Mwalimu Mkuu aliwahi kusimama mlangoni kwa dakika nzima kabla ya kuuliza, "Mwalimu, hili ni darasa ama kituo cha mabasi?" Marehemu alimjibu kwamba tofauti ni kwamba hapa kila abiria anajua anakokwenda.

Tarehe 19 Juni 2019 alikuja mkaguzi. Aliomba kuona daftari za kipindi hicho. Hazikuwepo. Aliletewa maboksi ya viatu, akayafunua mawili, akayafunika. Ripoti yake ilifika baada ya mwezi. Ilisema wanafunzi wa darasa la tatu hawaandiki, muda mwingi unapotea katika kutembea, na inapendekezwa kipindi kifutwe na nafasi yake ichukuliwe na kunakili ubaoni. Ilisema pia kwamba uongozi uweke uzio upande wa mtoni ili kuwaepusha watoto na hatari ya kuzama.

Marehemu hakulalamika kwa mtu. Alhamisi iliyofuata aliweka nakala ya ripoti kwenye meza ya dirishani, akaandika swali ubaoni: Shule yetu inahitaji nini? Msichana mmoja mdogo kuliko wote darasani alisoma, akatembea hadi nyuma, akashika penseli, akairudisha. Akaenda tena kusoma. Akarudi. Mwishowe alimfuata marehemu.

"Mwalimu, samahani, nimesahau mto wetu uko wapi."

Shule haina mto. Maji yaliyo karibu ni ya bomba, nayo hutoka Jumanne na Ijumaa. Mwalimu Mkuu, ambaye yuko nasi hapa na ameridhia jambo hili lisemwe mradi isemwe pia kwamba wiki ile alikuwa na mafua, alikuwa ameshajibu kwa barua kwamba suala la uzio wa mtoni linashughulikiwa. Ilibidi aandike barua ya pili. Ripoti ikarudishwa ofisini kwa marekebisho, na kwa miaka mitano kipindi kiliendelea kwa sababu hapakuwa na ripoti ya kukifuta. Marehemu aliiita miaka hiyo likizo ya mto.

Dalili za ugonjwa zilianza Novemba 2023. Miguu ilivimba, na pumzi ilimwishia katikati ya ile njia ya hatua kumi na moja, akawa anasimama hatua ya sita na kujifanya anasoma vikaratasi vya watoto. Mume wake aligundua kabla ya madaktari. Kwa miaka ishirini na minane alikuwa akimbadilishia soli kila baada ya miezi mitatu, na safari hii soli zilifika miezi mitano bado nzima. Alivigeuza viatu mkononi, akafunga kibanda, akampeleka hospitali bila kumweleza wanakwenda wapi. Moyo ulikuwa umepanuka. Daktari, kijana mpole, alimwambia kwamba dawa atapewa, lakini dawa kubwa ni kulala.

"Kulala mpaka lini?"

"Mama, kulala tu."

"Mpaka lini, mwanangu? Nina darasa."

Binti yake anasema ukurasa wa kwanza wa faili lake una neno moja lililopigwa mstari mara mbili, nalo ni hatulii. Alilazwa mara nne kati ya Desemba na Agosti. Kila aliporuhusiwa alirudi darasani, na kila aliporudi alirudishwa.

Tarehe 3 Septemba 2024 Mwalimu Mkuu alikuja wadini na matunda na bahasha. Alizungumza kwanza juu ya hali ya hewa, kisha akaitoa bahasha.

"Mwalimu, mto wameutoa."

"Na pendekezo?"

"Pendekezo limebaki."

Marehemu alishusha miguu kitandani. Mwalimu Mkuu, ambaye si mtu mbaya na leo tunalisema hilo akiwa anasikia, alieleza kwamba hana namna. Ripoti sasa ni safi. Hata hivyo kuna kifungu kinachoruhusu kipindi kuendelea iwapo mwalimu aliyepo kazini atakubali kukibeba, na yeye, kwa heshima zote, hayuko kazini, yuko wadi namba tatu. Alimpa hadi mwisho wa Oktoba apatikane mtu. Wanafunzi walikuwa arobaini na sita. Wakikosa mtu, Novemba wangegeuka kuelekea ubaoni.

Kuanzia siku hiyo marehemu hakulala kama walivyotaka madaktari. Aliwapigia walimu tisa. Wanne walisema watamwombea. Watatu walisema waangalie ratiba, na ratiba zao hadi leo bado zinaangaliwa. Mmoja alisema kwamba kwa kweli hajawahi kuelewa wale watoto walikuwa wakienda wapi. Wa tisa hakupokea simu. Jumapili iliyofuata huyo wa tisa alitokea mwenyewe mlangoni mwa wadi, na machungwa kwenye mfuko. Alikuwa Mwalimu Rula.

Alisema amekuja kumwona mgonjwa tu. Aliweka machungwa, akanyoosha shuka ambalo halikuwa limekunjamana, kisha akauliza jambo ambalo, kwa maelezo yake, lilimkera ukutani kwa miaka kumi na mitatu. "Kwa nini wasiandike palepale kitabu kilipo? Wangemaliza mapema, na mimi ningefundisha kwa amani."

"Wakiandika palepale anayeandika ni kitabu. Wao wanashika penseli tu."

"Hayo maneno yako."

"Haya. Nenda pale mlangoni, kuna karatasi ya masharti ya kuona wagonjwa. Isome, urudi uniandikie."

Mwalimu Rula alikwenda, akasoma, akarudi, akaandika masharti yote saba neno kwa neno, pamoja na saini ya matroni. Ana kumbukumbu kali. Marehemu alicheka mpaka muuguzi wa zamu akaja kuangalia mashine. "Wewe ndiye ugonjwa wenyewe, mwenzangu," alimwambia. "Nimeutibu miaka yote darasani kwangu, kumbe ulikuwa upande wa pili wa ukuta." Kisha akamwagiza amweleze masharti hayo mama wa kitanda cha pili, ambaye hakujua kusoma na alikuwa akisubiri mkwe wake. Mwalimu Rula alianza kuyakariri. Yule mama alimsikiliza kwa adabu, akauliza, "Kwa hiyo mkwe wangu asije na mtoto?" Mwalimu Rula alisita, akasema ndiyo, ndivyo. Marehemu akamnyooshea kikaratasi. "Basi andika hicho."

Alikuja Jumapili tano. Walibishana zote tano. Alitaka watoto watembee kwa mistari, marehemu akataka wapishane. Alitaka vikaratasi vipangwe kwa rangi, na hapo marehemu alikubali, kwa kusema kwamba mtu akikaribia kufa huwa hachagui kila vita. Hakusema hata siku moja kwamba atakichukua kipindi. Marehemu alimwuliza kila Jumapili wakati wa kuagana, na kila Jumapili alijibiwa, "Tutaona, dada." Akishaondoka, marehemu alihesabu siku zilizobaki kwa vidole, akitembea kati ya kitanda na dirisha na stendi ya dripu pembeni yake kama mtu anayesindikizwa na jamaa mwembamba.

Alhamisi tarehe 17 Oktoba 2024, saa nne asubuhi, Mwalimu Rula aliingia darasa la tatu kujaribu. Kuanzia saa nne kasorobo marehemu alimwuliza binti yake saa, na hatukosei tukisema alimwuliza mara kumi na mbili. Saa tano kasoro dakika tano simu ililia. Mwalimu Rula alisema kipindi kimekwenda vibaya. Wawili wamegongana vichwa, mmoja ameficha ukurasa mzima ndani ya soksi na kwenda kuunakili nyuma, na mkate wa mtu umekanyagwa.

"Walitembea?" aliuliza marehemu.

"Walitembea."

"Na wewe?"

"Ningekaaje? Kiti chako kimejaa maboksi."

Tungependa kuandika kwamba baada ya hapo alitulia. Hakutulia. Alidai kupigiwa tena ili ajue huyo wa soksi ni nani, kwa kuwa alimwona ana kipaji. Maneno yake ya mwisho alimwambia muuguzi asogeze stendi ya dripu, anataka kusimama. Muuguzi alikuwa bado ana mkono kwenye stendi. Ilikuwa saa sita na dakika ishirini mchana. Alikuwa na umri wa miaka hamsini na minane na miezi saba.

Asubuhi ya leo, Jumamosi, kabla ya jeneza kutolewa, Mwalimu Mkuu aliomba faraghani kwamba suala la kipindi lisiguswe katika wasifu huu, kwa kuwa halijaamuliwa. Familia ilikuwa ikimjibu kwa maneno mazuri pale langoni wakati Mwalimu Rula alipofika, kiatu kimoja kimekatika kamba, na kuuliza halijaamuliwa nini.

"Nani atakibeba kile kipindi," alisema Mwalimu Mkuu.

"Alhamisi saa nne nitakuwa darasa la tatu. Leta karatasi nitie saini."

"Na darasa lako la nne saa hiyo atalishika nani?"

"Wewe."

"Mimi?"

"Ulikuwa mwalimu, au nimesikia vibaya?"

Mwalimu Mkuu alisema mambo kama hayo hayaamuliwi langoni. Mwalimu Rula alisema sawa, akamgeuzia mgongo ili karatasi ipate pa kuwekwa. Saini hizo mbili zimetiwa kwenye jalada la ratiba hii ya mazishi, kwa kuwa ndiyo karatasi pekee iliyokuwepo, na nakala anayo shemeji. Tunaomba radhi kwa wino uliovuja upande wa picha.

Marehemu ameacha mume, fundi viatu, ambaye amekifunga kibanda hadi Jumatano, binti mmoja na kijana mmoja, wajukuu watatu, mmoja wao alitembea akiwa na miezi minane, wadogo watatu, wifi, shemeji na wakwe, maboksi mia moja na tisa, na wanafunzi arobaini na sita wa darasa la tatu, ambao Alhamisi ijayo wana kipindi.

Apumzike kwa amani. Hatuna hakika kama anajua inavyofanywa, lakini sasa muda anao.